Kitambaa Alichokifua Mama

Watu wakiniuliza nilianzaje kazi ya uchoraji, hutaka niwahadithie ule ufadhili. Wanapenda kusikia habari za msichana wa mitaa ya Ng'ambo aliyepelekwa na serikali kusoma nchi za baridi, akarudi na cheti na sanduku la brashi. Huwapa kwa kifupi, wakafurahi, wakaenda zao. Leo nataka kuiandika yote, na naiandika kwa hasira, kwa sababu hasira yenyewe haijanitoka na nimechoka kujifanya imenitoka.

Mama yangu alikuwa mchora kofia. Anayeitazama kofia ya mkono huona uzi tu, yale maua na vitobo vilivyozungushiwa hariri, akamsifu aliyeshona. Hajui kwamba kabla ya sindano kuna penseli. Lazima pawe na mtu wa kuichora bafta, kile kitambaa cheupe cha kofia, ua baada ya ua, ndipo mshonaji apate mistari ya kufuata. Mtaani kwetu Miembeni washonaji walikuwa wengi. Wachoraji walikuwa wawili, na mmoja mkono ulishaanza kumtetemeka, kwa hiyo tuseme alikuwa mama peke yake. Wanawake walimletea bafta asubuhi, akawachorea huku mchele wake uko kwenye ungo ukimngoja auchambue, nao wakenda nazo kushona wiki tatu, mwezi. Kofia ikimalizika hufuliwa, ikatiwa wanga, ikapigwa pasi. Penseli yote huondoka na povu. Kofia ikifika Darajani kuuzwa, watu humtaja mshonaji, na mama hatajwi na mtu, wala yeye mwenyewe hakuwahi kulalamika.

Mimi nilijifunza kwa kukaa karibu yake. Nikiwa na miaka kumi na tisa nilikuwa nachora kofia nzima, na hapana aliyeweza kutofautisha mkono wangu na wake isipokuwa yeye. Ilikuwa mwaka wa tano au wa sita baada ya Mapinduzi. Redioni wakatangaza kwamba vijana wenye kipaji cha sanaa waombe nafasi. Watakaochukuliwa watafunzwa mwaka mzima hapa hapa, wapewe posho na vifaa, kisha wawili walio bora wapelekwe ng'ambo ya bahari kwa miaka miwili. Niliomba bila ya kumwambia mtu. Nilipochukuliwa ndipo nikamwambia mama, na yeye akauliza kama kutakuwa na wanawake wengine. Nikamdanganya kwamba watakuwepo.

Tulikuwa watano, na mwanamke ni mimi tu. Nyumba ya mafunzo ilikuwa Mji Mkongwe, nyumba ya ghorofa ambayo wenyewe walikuwa wameshaondoka, kutani bado kuna miraba mieupe palipokuwa pametundikwa picha zao. Wenzangu mmoja alikuwa akiandika vibao vya maduka, mwingine ametoka kwenye ukoo wa wachonga milango, na wawili walikuwa walimu wa skuli waliojua kuchora ramani. Walinichukulia kuwa nimekuja kufagia. Siku ya kwanza yule mchonga milango alinipa kikombe chake nikakioshe, nami nikakiosha, na mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke mrefu, mgeni, ametoka katika moja ya zile nchi rafiki, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji na cha kukataza. Alikuwa mkali. Mwezi mzima alituchorisha kiatu kimoja kibovu. Mimi niliyekuwa nikifunga mzunguko wa maua ishirini bila ya kupima, nilishindwa na kiatu. Nilizoea kuchora kitu kidogo kinachokaa kiganjani, tena bapa, hakina upande wa nyuma. Yeye alinifunza kivuli, uzito, namna mguu unavyoukalia mkeka. Akanitoa kwenye kiganja akanipeleka ukutani. Sitamnyima haki yake: nusu ya ninachokijua nimekipata kwake, na nusu nyingine kwa mama, na wawili hawa hawakuelewana hata siku moja.

Mwaka ulipokaribia kwisha tuliambiwa kila mmoja atengeneze kazi moja kubwa, ije itazamwe na kamati. Kwa kazi hiyo ndiyo watachaguliwa wawili wa kusafiri. Nilitaka kwenda hata chakula hakinipiti. Sikuwa na jambo jingine nililolitaka duniani, na wala sikujali nani ajue.

Nikafikiria kufanya kitu ambacho wale wanne hawakiwezi. Bafta wakati ule ilikuwa haipatikani ovyo, lakini wanawake wa mama walinichangia vipande vyao, vipande vya kofia walizokuwa wazishone wao, tukaviunga mpaka tukapata kitambaa cha urefu wa pima mbili. Juu yake nikawachora wao wenyewe kwa penseli laini, saba, wameketi mkekani wanashona, kila mmoja kwa ukubwa wake wa kweli, na mama yuko katikati ameinamia penseli yake. Nilichora miezi miwili. Kisha nikachukua sindano, nikatia vitobo vya hariri pale tu ambapo vidole vya kila mshonaji vimeshika kazi, basi. Kwengine kote ni penseli. Mwalimu alipokiona alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akakitazama muda mrefu, kisha akasema neno moja la kwao ambalo hakunifasiria.

Kamati ilikuwa ikutane Jumamosi. Jumatano nilikipeleka kitambaa nyumbani ili kipindwe ukingo, maana hapana atakayepinda vizuri kuliko wale wanawake. Walikipinda jioni ile ile, huku wanacheka na kutafutana ndani ya picha. Mama hakuwepo, alikuwa msibani. Alhamisi nilitoka alfajiri kwenda kupanga foleni ya mchele na sikurudi mpaka adhuhuri imepita.

Nilikuta kitambaa kimeanikwa uani. Kilikuwa cheupe. Kimefuliwa, kimetiwa buluu na wanga, kinapepea, na hakina mtu hata mmoja. Vilivyobaki ni vile vitobo vya hariri, vimetawanyika katikati ya weupe mafungu saba, havishiki kitu.

Nilimwuliza mama amefanya nini. Alikuwa anapepea makaa ya pasi, na uso wake una furaha.

"Nshakufulia, mwanangu," akasema. "Kilikuwa kimejaa penseli. Nkasema huendi mbele za watu na uchafu ule."

Nilimwambia penseli ile ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Hakunielewa, na nilipoona hanielewi damu ilinichemka. Akajaribu kunieleza. Ameona vitobo vimeshonwa, akajua nimeshashona nilichokusudia kushona, na mistari iliyobaki akafikiri ni niliyoikosea nikaiacha. Kwa watu wa kofia mstari usioshonwa ni kosa, na kosa hufuliwa ili asilione mtu. Hakuna mwanamke mmoja katika wale saba ambaye asingefanya vile vile. Kama mtoto wa mwenzake angekuwa anakwenda mbele ya wakubwa na kitambaa cha penseli, mama angemfulia hata huyo. Nilijua hivyo pale pale uani, na ndicho kilichonitia wazimu, kwa sababu hapakuwa na wa kumlaumu, nami nilitaka mno kulaumu.

Basi nikamlaumu yeye. Nilisema mambo ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilimwambia hajui kitu. Nilimwambia kazi zako zote umezimwaga na povu, hukutosheka, umekuja na yangu. Mama aliyamwaga makaa uani, akayazima kwa maji, akaingia ndani kuswali.

Ijumaa nyumba ya mafunzo ilifungwa, penseli zile laini na mkaa wa kuchorea viko ndani, na aliyeshika ufunguo amekwenda shamba. Jumamosi nikavaa, nikakikunja kitambaa kile cheupe, nikavuka Darajani kwa miguu. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na hasira tu, ikanifikisha.

Kamati ilikuwa ya mabwana watatu, na mwalimu amewekwa kando kwenye kiti kidogo. Mwenyekiti alikuwa mtu wa ofisini, shati lake lina mifuko minne na kila mfuko una kalamu. Wenzangu walipita, wakasifiwa. Mimi nikakunjua kitambaa changu. Mwenyekiti akaniuliza picha iko wapi. Nikamwambia ilikuwepo, na mama ameifua.

Walicheka. Mwenyekiti akacheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Mwalimu alijaribu kusema, Kiswahili kikamtupa mkono, akasema kwa lugha yake, na mkalimani siku ile hakuwepo. Mwenyekiti alipopata pumzi akasema msichana asiyeweza kuilinda kazi yake na mama yake mwenyewe, wao watamwaminije kumpeleka nchi za watu. Akageukia karatasi zake. Kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha.

Ndipo mlangoni tukasikia hodi. Mama alikuwa amenifuata nyuma njia nzima bila ya mimi kujua, akakaa barazani na buibui lake, na amesikia kila kitu. Aliingia. Hakuwahi kuingia ofisi yoyote kabla ya siku ile. Mabwana wawili wakamwamkia, akawaitikia marahaba, akasema, "Nimefua mimi. Yeye hana kosa. Kama mnataka kujua anachora kwa mkono wa nani, ni wangu."

Mwenyekiti, bado ana kicheko mdomoni, akamwambia basi Bi, tuchoree wewe. Nafikiri alitaka kuchekeshwa tena.

Mama akaomba karatasi na penseli. Kiti alikikataa, akaketi sakafuni, akaikunja karatasi mara nne, akaikunjua, akaanza. Alichora mzunguko wa kofia, na hakuinua mkono ila kwa kugeuza karatasi. Ugumu wa kazi ile uko mwishoni. Ua la mwisho lazima likutane na la kwanza, pasibaki nusu ua wala pengo, na anayekosea kwa unene wa uzi kule mwanzo ataumbuka huku mwisho. Mama hakupima. Maua yalizunguka, yakaja, yakakutana. Wale mabwana walikuwa wamesimama na kumwinamia, na yule mchonga milango naye alikuja akasimama, na hakuna aliyekuwa anacheka. Mwenyekiti akamwuliza jina lake. Mama akalitaja, na la baba yake, na la babu yake, polepole, na karani akaandika. Niliona kwa macho yangu kwamba ameandika.

Baada ya wiki mbili kazi zetu zilionyeshwa kwa wageni, ukumbini chini ya nyumba ile ile. Kitambaa changu hakikuwekwa. Karatasi ya mama iliwekwa, imetiwa fremu na kioo, mahali pazuri karibu na mlango. Nilifurahi nikasogea. Chini yake pamepigwa taipu: Nakshi ya kofia. Kazi ya jadi. Mchoraji hajulikani.

Nilikwenda kwa mwenyekiti papo hapo, wageni wakiwa wamesimama na vikombe vyao vya shurbati. Nikamwambia mchoraji anajulikana, mmemwuliza jina akakwambieni, karani ameandika. Hakukasirika, na heri angekasirika. Aliniambia kwa utaratibu, kama anasomesha, kwamba nakshi za kofia si mali ya mtu, ni mali ya wananchi wote, na ukiweka jina la mtu mmoja umewanyang'anya wengine. Nikamwuliza mbona mlango mdogo wa yule mchonga milango, wenye nakshi walizochonga babu zake na babu za wenzake, umewekwa jina. Akasema ule ni sanaa.

Niliiondoa ile fremu ukutani. Niliiondoa mbele za watu, nikaikumbatia kifuani, nikatoka mlango mkubwa nikaenda nayo nyumbani. Miaka ile kuchukua kitu cha serikali ukutani halikuwa jambo la mchezo, nami nilijua. Lakini kama kuna jambo moja nililofanya katika maisha yangu ambalo sitaki kulifuta, ni hilo.

Siku ya tatu mwalimu akaja Miembeni na mkalimani wake. Alileta ujumbe wa mwenyekiti. Karatasi ya mama imewapendeza wakubwa, wameona msichana aliyefunzwa na mkono kama ule anafaa kupewa nafasi. Nafasi ya pili ni yangu, ikiwa fremu itarudi ukutani kabla ya Jumatatu kumalizika, na maandishi yake yale yale. Isiporudi, atakwenda mmoja wa wale walimu wa skuli, na mimi nisahau. Mwalimu alisema hayo ameinamisha kichwa. Nilimwambia akamwambie mwenyekiti kwamba hairudi.

Mama alikuwa nyuma ya pazia anasikiliza. Wageni walipotoka akanijia juu. Sikuwahi kumwona vile. Aliniambia nimepewa dunia nzima naikataa kwa ajili ya karatasi. "Jina langu n'nalo," akasema. "Wao wakiandika wasiandike, n'nalo. Rejesha kitu cha watu ukasome."

Tukagombana mchana kutwa. Nilimwambia kama yeye hajionei uchungu, mimi namwonea. Akasema uchungu wangu nikauweke mahali pengine, nisimtwike yeye. Mwisho niliifunga fremu ndani ya kanga, nikaitia kwenye sanduku langu, nikalala nimemnunia.

Jumatatu nilirudi kutoka kisimani nikakuta sanduku li wazi. Mama alivaa buibui, akavuka Darajani peke yake kwa mara ya pili, akairejesha kwa mkono wake. Na hakuishia hapo. Nilipomwuliza amewaambia nini, alinijibu kwa utulivu kabisa.

"Nimewaambia hawajakosea. Wasijisumbue na jina."

Nikapata nafasi. Niliondoka uwanja wa ndege wa Kiembe Samaki na sweta la kuazima, na mama alikuja kunisindikiza pamoja na wale wanawake wake. Niliwakumbatia wote. Yeye nilimpa mkono, basi, kama mtu niliyekutana naye njiani. Aliushika akaugeuza, akautazama upande wa kiganja, akauachia.

Wiki ya kwanza kule chuoni tulipewa karatasi kubwa, tuchore chochote tunachokijua, ili walimu watupime. Nilichora nakshi ya kofia, mzunguko kamili, bila ya kupima, na ua la mwisho likakutana na la kwanza. Chini yake niliandika jina la mama, na la baba yake, na la babu yake. Nilijiona nimemlipia kisasi.

Mwalimu aliyepita kukusanya alikuwa mzee mpole. Akalisoma jina, akatazama orodha yake, kwa mkalimani akaniuliza huyu ni nani. Nikasema ni mama yangu. Akauliza kama mama yangu ndiye aliyechora karatasi hii. Nikasema hapana, nimechora mimi. Akaniambia kwa upole kwamba pale kila mtu huandika jina lake, na karatasi yenye jina lisilokuwemo kwenye orodha haiwezi kupimwa.

Ningeweza kuikunja ile karatasi nikatoka, kama nilivyotoka na ile fremu. Lakini pale hapakuwa na Miembeni ya kurudia kwa miguu, na nilitaka kubaki, nilitaka sana. Yule mzee alikuwa amesimama ananingoja. Nikachukua kifutio, nikayafuta majina ya mama, yote matatu, nikapuliza mabaki, nikaandika langu. Nikapata alama ya juu kuliko wote darasani.